Watu Kumi, Ndege Mbili

Wiki niliyokata tiketi za kwenda Dar es Salaam ndiyo wiki niliyogundua kwamba siwaelewi wazazi wangu hata kidogo. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini. Nina mume, nina watoto wawili, nina duka la vitambaa Ntinda, hapa Kampala, na sifa ya kutochezewa na mtu. Bado nilijikuta nimekaa ndani ya gari nje ya nyumba yao Kisugu, injini nimezima, najiuliza hawa watu wawili walionizaa ni akina nani.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa. Alikwenda Dar kufanya kazi ya uuguzi, akapata mchumba, na wakwe wakasema wanataka kuiona familia. Hawakutaka wawili watatu waliotumwa, walitaka familia nzima. Basi la siku mbili lilikataliwa mapema: mgongo wa Baba usingelikubali, na magoti ya Mama yalikuwa yanavimba hata akikaa kitako muda mrefu msikitini. Basi, ikawa ndege. Kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege isipokuwa mume wangu, mara moja, kwa ajili ya semina, na alichokumbuka yeye ni chakula tu.

Kazi ikaniangukia mimi kwa sababu ni kifungua mimba, na mambo yote yasiyo na mwenyewe katika ukoo wetu hunifuata mimi. Nilikwenda Kisenyi, kwa binti mmoja wa Kisomali ambaye ana ofisi ya tiketi ghorofani, juu ya duka la jumla la magodoro. Ni binti mpole, mwepesi wa vidole, na wafanyabiashara wenzangu wote humtumia wanapokwenda kununua mali ng'ambo. Nilimtajia watu wangu: Baba na Mama, shangazi yangu, mimi na mume na watoto wetu wawili, ndugu yangu na mkewe na mtoto wao.

"Mnafika kumi," akasema, na uso wake ukachangamka. "Kumi ni kikundi. Mnapata bei ya kikundi. Lakini lazima mpande ndege moja, kwenda na kurudi. Nitawashikia viti mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mkichelewa, vinarudi sokoni."

Nilitoka pale nikijiona mjanja wa mji. Nikanunua sambusa njiani, nikaenda moja kwa moja Kisugu kuwapa wazee habari njema.

Hapa niseme kidogo juu ya baba yangu. Ni sajini mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza. Mama ni Mnubi, Muislamu, mjukuu wa askari. Walikutana kambini, wakaoana kambini, na lugha ya nyumba yetu ikawa Kiswahili cha kambini, kile ambacho mashemeji wa Dar walikuwa wameshakicheka kwenye simu kwa adabu. Mama hakujali. Baba alijali sana, na tangu posa ipokelewe alikuwa akijifunza kusema "tumefurahi kuwafahamu" mbele ya kioo cha kunyolea.

"Ndege ngapi?" aliniuliza nilipomaliza kueleza.

"Moja, Baba."

Aliweka sambusa chini. "Watu yote? Ndani ya ndege moja?"

"Ndiyo. Ndiyo sababu ya bei nafuu."

"Wewe, sikiliza," akasema, kwa ile sauti yake ya gwaride. "Ndege moja, ajali moja, watu yote kwisha. Nani nabaki? Nani nazika? Gawanya watu. Mimi ndege moja, mama yenu ndege ingine."

Kwa mtu wa nje maneno hayo yangekuwa ya kichaa. Mimi hayakunishtua, na hilo ndilo lililonishtua baadaye. Tulikulia hivyo. Tukienda kaskazini kwa Krismasi, nusu yetu walipanda basi la alfajiri na nusu la mchana. Tukienda mazishini, Baba alikuwa na mimi, Mama akawa na ndugu yangu, magari mawili. Nilidhani ni kwa sababu viti havikutosha. Nilipoolewa nikaona wakwe zangu wamejazana wote ndani ya gari moja, bibi mapajani mwa mtu, wanaimba, nikaomba kushuka, na sikujua kwa nini. Nilisingizia joto.

"Baba," nikasema, "watu huenda na ndege kila siku."

"Na mimi nimekataa? Nimesema kwenda. Nimesema gawanya."

Nilimgeukia Mama anisaidie. Alikuwa anatazama sambusa iliyoachwa na Baba.

Basi nikaanza kugawanya. Nani angeamini kwamba watu kumi wanaweza kuwa wagumu hivyo? Baba alitaka mimi niwe naye. Jumatatu jioni akapiga simu: hapana, mimi na yeye hatuwezi kuwa pamoja, kwa sababu mimi ndiye najua mambo ya nyumba. Haya, ndugu yangu awe naye. Jumanne akafikiri tena: ndugu yangu ndiye mwanamume pekee wa kubeba jina lake, hawezi kupanda na babake. Basi mimi na ndugu yangu tuwe pamoja? Hapana, watoto wawili wakubwa ndege moja, mnataka kumuacha bibi harusi peke yake duniani? Kila nilipopata mpango, yeye alipata kifo kingine. Ilifika mahali nilikuwa nawaua na kuwafufua jamaa zangu nikiwa dukani, nampimia mteja kitambaa, na mara mbili nilikata vibaya.

Shangazi alisema yeye ndege yoyote, ila akae dirishani.

Jumatano asubuhi binti wa tiketi akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. "Mama, nisaidie kuelewa. Jana mzee amenipigia, akaniambia nigawanye watu. Sawa. Leo mama mmoja amenipigia, akaniambia niunganishe watu, na nisimwambie mzee. Sasa mzee amerudi tena anauliza ndege ya pili ina injini ngapi."

"Mama mmoja gani?"

"Amesema yeye ndiye mama yako."

Mama yangu hakuwahi kumpigia simu mtu asiyemjua tangu nilipozaliwa. Hata fundi wa bomba alikuwa akinituma mimi nimpigie. Nilifunga duka mapema, nikaenda Kisugu nikiwa nimewaka.

Niliwakalisha wote wawili mezani. Nikatoa trei mbili kabatini na vikombe kumi. "Hii ndege ya asubuhi, hii ya jioni," nikasema. "Hiki kikombe ni Baba. Hiki Mama. Hiki shangazi. Pangeni wenyewe, mimi nimechoka. Mkimaliza nitapeleka hivyo hivyo Kisenyi."

Baba aliinama juu ya trei kama yuko kazini. Akaweka kikombe chake huku, cha Mama kule, akatugawa sisi wengine kwa uangalifu, midomo ikimcheza. Alipokwisha akaegemea kiti. Ndipo Mama akanyoosha mkono, akachukua kikombe chake, akakiweka kwenye trei ya Baba, karibu kabisa na cha Baba. Baba akakirudisha. Mama akakihamisha tena. Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama Mama usoni kicheko kikanikwama. Baba alikirudisha mara nyingine, polepole, akaacha mkono wake juu yake kukizuia.

Mama akasimama. "Basi, afande," akasema. Humwita afande akiwa amekasirika tu. "Mimi nabaki hapa na kuku. Nyinyi mwende. Mtanisalimia mtoto wangu."

Akaingia jikoni. Baba akabaki na mkono juu ya kikombe, na mimi nikabaki nimesimama katikati, sijui nimfuate nani. Harusi ya kitinda mimba wake! Yule ambaye Mama alikuwa anampigia simu kila jioni kumuuliza amekula nini. Ghafla tiketi hazikuwa tena suala la bei. Mama angekosa harusi, na angeikosa kwa sababu ya kikombe.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nikamuuliza ana tatizo gani na kupanda ndege na mimi, mtoto wake wa kwanza. Kwani mimi sitoshi?

"Unakumbuka siku tulikuja Kampala?" akaniuliza.

Nakumbuka. Yaani nakumbuka vipande. Nilikuwa mdogo, Baba alihamishwa kutoka kaskazini, na barabara wakati ule hazikuwa salama. Nilipanda lori na Baba. Kulikuwa na magunia. Njiani lori liliharibika na tukalala mahali, na mwanamke mmoja akanipa muwa, muwa mtamu kuliko wowote niliokula tangu siku hiyo. Tulipofika kambini Kampala nikaruka chini kumkimbilia Mama na muwa wangu mkononi, na Mama akanizaba kibao. Kibao cha nguvu, mbele ya watu. Sikujua nilikosa nini. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka na mdogo mno kuuliza, na kile kibao nimeishi nacho bila maelezo.

Mama akaniambia. Yeye na ndugu yangu, ambaye bado alinyonya, walipanda lori la pili, lililopita njia nyingine. Walifika wao kwanza. Sisi hatukuwepo. Watu wakasema kuna lori limechomwa njiani, na hakuna aliyejua ni lipi. Mama akakaa chini juu ya mizigo yake, katika kambi ambako hakumjua mtu. Usiku ukapita. Asubuhi wanawake wa kambi wakaanza kuja mmoja mmoja. Wakakaa naye. Wakapika chai. Mmoja akamfunika kichwa kwa kanga yake mwenyewe, kama anavyofunikwa mwanamke aliyefiwa. Mchana wakawa wanalia waziwazi, na Mama akalia nao, kwa sababu afanye nini.

"Halafu baba yako anaingia," akasema. "Anacheka. Anaona wanawake nalia. Anauliza, nani amekufa?"

Mchele ukamwagika kidogo kutoka kwenye ungo. Aliukusanya kwa kiganja.

"Mimi nikasema hakuna. Hakuna amekufa. Nikakupiga wewe kwa sababu yeye siwezi kumpiga."

Nilitoka nje. Baba alikuwa barazani, anatazama barabara. Nilikuwa nimempangia maneno makali, lakini nikamuuliza tu: siku ile ya malori, anakumbuka nini?

Uso wake ukang'aa. Ndiyo, anakumbuka. Lori lililochomwa lilikuwa la kikosi kingine, watu wake wote ndani, mume, mke, watoto, hata mama mkwe. Jirani zake wa zamani. Alipita pale aliporudi na gari la kuvuta lori letu. "Familia nzima," akasema. "Hakuna hata mtu wa kuonyesha kaburi. Nikasema, Mungu asante, mimi niligawanya. Tangu siku ile, mimi nagawanya."

"Na Mama alikuwaje mlipofika?"

Alifikiri. "Salama. Alikuwa analia kidogo. Wanawake ya kambi walikuwa na matanga ya mtu."

Nilikaa pale barazani nikawa mjinga kabisa. Siku moja, safari moja, malori mawili. Huyu alitoka na dawa, yule akatoka na kidonda, na wamelala kitanda kimoja miaka yote hiyo bila kuambiana. Nilitaka kumwambia Baba matanga yale yalikuwa ya nani. Nikashindwa. Niliona si habari yangu ya kutoa. Na niliogopa pia, nakiri, maana sijawahi kumwona baba yangu akivunjika na sikutaka niwe mimi wa kumvunja.

Ijumaa niliwabeba wote wawili mpaka Kisenyi, wakaamue wenyewe mbele ya binti wa tiketi. Mume wangu alikuja nasi kwa sababu pasipoti za watoto zilikuwa kwake. Tulipanda zile ngazi za magodoro, Mama akishika ukuta, Baba nyuma yake, mikono tayari kumdaka lakini hamgusi. Binti wa tiketi alituwekea viti, akafungua kompyuta, akatazama saa ya ukutani bila kutaka tumwone.

"Kikundi kimoja," akauliza, "au viwili?"

"Mbili," akasema Baba.

"Mimi simo," akasema Mama.

Binti akanitazama mimi. Nilitazama magodoro dirishani, yanashushwa na vijana chini kwenye lori. 

Ndipo Mama akamgeukia Baba. Hakupandisha sauti. "Ile siku ya kuja Kampala," akasema, "wewe uliuliza nani amekufa."

Baba alimtazama bila kuelewa.

"Ni wewe. Wewe na mtoto. Wanawake wale walikuwa nakaa matanga yako. Mimi nilikaa matanga yako usiku moja na mchana, na kanga ya mtu kwa kichwa. Kufa na wewe, sawa, siogopi. Kukungoja tena hapana. Hiyo siwezi, mzee wangu."

Baba alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu, na ghafla niliona jinsi kola ilivyokuwa pana kwa shingo yake. Alimtazama Mama muda mrefu, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, kisha mimi, kana kwamba mimi nilikuwepo na ningeweza kumweleza. Nilikuwepo. Nilikuwa na muwa.

"Hukusema," alimwambia.

"Ulikuwa nacheka."

Binti wa tiketi alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, akijifanya anasoma.

"Andika mimi na yeye pamoja," Baba akamwambia hatimaye. Sauti ya gwaride haikuwepo. "Kiti na kiti."

"Na hawa wengine, mzee?"

Baba akanigeukia. "Hawa wengine wana watoto yao," akasema. "Ajibu mwenyewe."

Nilikuwa nimepiga kelele wiki nzima. Nilikuwa nimemwambia ndugu yangu kwenye simu kwamba mzee wetu amechanganyikiwa, kwamba ni ushamba, kwamba watu wastaarabu hukata tiketi wakaenda. Kilichobaki ni kusema "wote kumi" na kulipia. Nilifungua mdomo, na nikasikia ukisema: "Mimi na binti yangu tuwe na wazee. Mume wangu na mvulana wapande ya jioni."

Vidole vya binti vikasimama juu ya kibodi. "Mama, hapo mnapoteza kikundi."

"Najua."

Sikujua. Sikujua nilichokuwa nasema wala kilikotoka. Nilijua tu kwamba nilipojaribu kuwaza wanangu wote wawili juu ya mawingu ndani ya chuma kimoja, nilijikuta nimeshawagawa. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa maneno machache, mtoto wa wale waliojazana ndani ya gari moja wakiimba. Hakunibishia. Alisogea karibu, pasipoti mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, kama anataka tu kujua utaratibu:

"Sawa. Sasa kati yetu, nani atakayengoja?"

Nilimtazama, nikamtazama Mama, ambaye hakunisaidia. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita. Nikamwambia binti atuandike wote kumi, ndege moja, na nikaona aibu jinsi sauti yangu ilivyotetemeka, mimi nisiyechezewa na mtu.

Tulikwenda, na shangazi akakaa dirishani. Ndege iliponyanyuka pale Entebbe Mama alishika mkono wa Baba, na kabla hatujaliacha ziwa alikuwa amelala begani mwake, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba. Baba hakulala. Kila baada ya muda mfupi alikuwa anageuza shingo taratibu asimwamshe, anatutazama huku nyuma kiti kwa kiti, na kila alipogeuka tulikutana macho, kwa sababu na mimi nilikuwa macho, nawahesabu.